Wambuti: mimea pori ya chakula

Wambuti ni wawindaji na waokotaji wa msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hula viazi vikuu vya mwitu, uyoga, majani na matunda, lakini hazina yao kubwa ni kokwa za miti ya Irvingia. Wanawake huziokota chini ya mti, huzipasua, kisha hutwanga kiini chenye mafuta mengi na kukitia katika mboga. Mbegu kubwa za mbau, yaani Gilbertiodendron dewevrei, nazo huliwa. Ni makosa kuwadhania watu waliojitenga: wakati wa kiangazi vyakula vya msituni huadimika, na kwa muda mrefu wamebadilishana nyama na asali kwa ndizi na mihogo ya majirani zao wakulima, Wabila.