Kutoka Simila hadi Honi

Aliyepata kutembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, au vya Mombasa upande wa Kibokoni, zama ambazo mahamali ndio waliokuwa wachukuzi wa kila kitu, tangu gunia la karafuu hadi kasha la arusi, hawezi kuisahau ile sauti iliyoutangulia mzigo kabla mzigo wenyewe haujaonekana: “Simila! Simila!” Neno hilo, ambalo wajuzi wa lugha hulinasibisha na bismillahi, halikuwa amri wala tusi, lilikuwa ombi la njia, na maana yake kwa wenyeji ilikuwa bayana, kwamba mimi niliyebeba kizito, nisiyeweza kusimama ghafula wala kugeuka upesi, nakutahadharisha wewe uliye mwepesi, ili madhara yasitufike sote wawili. Mchukuzi aliyepita kimya akamwangusha mtoto au bibi kizee hakuulizwa mtoto yule alikuwa akitafuta nini njiani. Aliulizwa kwa nini hakupiga simila.

Nimeanza na hamali kwa kuwa mzozo unaotushughulisha leo, wa nani mwenye taksiri pindi dereva anapomgonga mtu aliyekatisha barabara mahali pasipo kivuko, hudhaniwa na wengi kuwa ni mzozo uliozaliwa pamoja na motokaa, na kwamba jibu lake, la kumlaumu aliyevuka ovyo, ni jibu la akili ya kawaida lisilohitaji kutafutiwa asili. Asili linayo. Jibu hilo lilitengenezwa kwa juhudi na kwa fedha katika miji ya Marekani, baina ya mwaka 1910 na mwaka 1930 takriban, na kabla ya hapo watu wa miji hiyohiyo waliamini kinyume chake kabisa.

Barabara ya mji wa Marekani mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa uwanja wa umma. Palikuwa na tramu, magari ya farasi, wachuuzi na matoroli yao, watoto wachezao mpira, na watu waliovuka popote walipotaka, kwa pembe yoyote waliyoitaka, na mahakimu walishikilia kanuni ya kale ya Kiingereza kwamba wote wana haki sawa juu ya njia, ila yule aliyeleta hatari ndiye aliyebeba wajibu mkubwa zaidi wa hadhari. Jioni ya tarehe 13 Septemba 1899, mjini New York, mfanyabiashara wa majumba aliyeitwa Henry Bliss alishuka katika tramu kwenye makutano ya West 74th Street na Central Park West, akagongwa na teksi ya umeme, ambayo, kwa kejeli ya kudura, abiria wake alikuwa daktari. Bliss alifariki asubuhi ya pili, akawa mtu wa kwanza katika Marekani ambaye kumbukumbu zinamtaja kuwa aliuawa na motokaa. Dereva alikamatwa, akashitakiwa kwa kuua bila kukusudia, kisha akaachiliwa kwa kuwa haikuthibitika kwamba alikuwa na nia mbaya wala uzembe. Mwisho wa kesi hiyo haunishangazi; kinachonipendeza kukitazama ni mwanzo wake, kwamba mkono wa serikali ulipotafuta wa kumshika ulikwenda moja kwa moja kwa mwenye chombo, wala hapakuwa na kosa lolote katika vitabu ambalo marehemu angeweza kusemwa kuwa amelitenda kwa kuwa tu alikuwapo njiani.

Kosa hilo lilihitaji kwanza jina. Katika Kiingereza cha Wamarekani wa siku zile, “jay” alikuwa mtu wa mashamba aliyeingia mjini akashangaa majumba, asiyejua adabu za mjini wala kuona haya kwa kutojua. Kwa ufupi ni mshamba, kwa kejeli ileile iliyomo katika neno letu. Ajabu ni kwamba washamba wa kwanza kusutwa walikuwa madereva wenyewe, kwa maana magazeti ya Kansas ya mwaka 1905 yaliwacheka wale walioendesha upande usio wao kwa kuwaita “jay driver”. Haukupita muda ila dhihaka ikageuzwa uso, akapatikana “jaywalker”, mwendaji wa kishamba, na Kansas City ikawa katika miji ya mwanzo kabisa, mwaka 1912, kuweka sheria ya kuwataka watu wavuke penye vivuko tu. Neno lenyewe lilihesabiwa kuwa chafu: mkuu wa polisi wa New York, Arthur Woods, alipojaribu kulitumia mwaka 1915, gazeti la New York Times lilimlaumu kwa kuwatukana raia. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Mwite mtu mwizi, atakupeleka kwa kadhi; mwite mshamba mbele ya halaiki, atarekebisha hata mwendo wake.

Wenye biashara ya motokaa walilifahamu hilo vyema, lakini walichelewa kulitumia hadi walipotiwa hofu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza motokaa zilikithiri na vifo vikakithiri pamoja nazo, hata katika mwongo wa 1920 peke yake Wamarekani zaidi ya 200,000 wakapoteza maisha katika ajali za magari, na wengi wa waliokufa mijini walikuwa waendao kwa miguu, na katika hao watoto walikuwa tele. Miji iliomboleza hadharani. Baltimore ilisimamisha nguzo ya ukumbusho wa watoto waliouawa, New York iliwatembeza watoto kwa maelfu katika maandamano ya mwaka 1922, na wachoraji wa magazeti wakaichora motokaa kama mungu wa kishenzi atolewaye kafara. Dereva, katika lugha ya siku zile, alikuwa muuaji hadi athibitishe vingine.

Hofu ya wenye biashara ya motokaa ilifika kileleni mwaka 1923 katika mji wa Cincinnati, ambako watu 42,000 walitia saini ombi la kutaka kila motokaa ifungwe kidhibiti mwendo kitakachoizuia isipite maili 25 kwa saa. Wauzaji wa motokaa waliona wazi kwamba bidhaa ambayo fahari yake ni mbio, ikinyang’anywa mbio haitauzika. Wakaungana, wakamwaga fedha, wakaandikia wenye magari barua, na siku ya kura ombi likaanguka vibaya. Walishinda, lakini waliondoka na funzo: maadamu swali mjini lilikuwa “motokaa inakwenda mbio gani?”, wao wangekuwa washitakiwa siku zote. Ilibidi swali libadilike liwe “mtu yule alikuwa akifanya nini barabarani?”

Hila walizozitumia kulibadili swali hilo zastahili kutazamwa kwa utuvu, kwa sababu sijapata kuona mfano ulio bora wa jinsi desturi inavyoweza kufinyangwa kama udongo wa mfinyanzi. Shirikisho la watengenezaji motokaa lilianzisha mwaka 1924 huduma ya habari bila malipo: gazeti lilipeleka maelezo machache ya ajali, likarudishiwa makala iliyokwisha kuandikwa vizuri, na katika makala hizo taksiri ilielekea mara kwa mara kwa aliyegongwa. Maskauti walisimamishwa pembeni mwa njia wawape wavukaji kadi za kuwaeleza kwamba wametenda la kishamba. San Francisco ilikuwa tayari imepata, mwaka 1920, mahakama za maigizo uwanjani, ambamo mpita njia alivutwa akahutubiwa mbele ya kundi la watazamaji wanaocheka. Na huko New York, katika maonyesho ya usalama ya mwaka 1924, mchekeshaji alitembezwa mbele ya Ford iliyokwenda polepole, ikimsukuma tena na tena kwa nyuma, na umati ukishangilia. Nalikumbuka tukio hili kila ninapoambiwa kwamba sheria hutokana na busara ya wazee waliokaa wakashauriana. Kuna sheria zilizotokana na kicheko.

Los Angeles, ambayo chama chake cha wenye motokaa kilikuwa na nguvu kuliko vingi, ilipitisha mwaka 1925 kanuni ya njia iliyowazuilia watu kuvuka katikati ya mtaa, na polisi wakafundishwa kumpigia filimbi mvukaji ili aibu imtoshe kabla ya faini. Kanuni hiyo ikawa kiolezo. Herbert Hoover, aliyekuwa Waziri wa Biashara na aliyeitisha mkutano wa taifa juu ya usalama wa njia mwaka 1924, alisimamia kutungwa kwa sheria ya mfano kwa miji yote, iliyotoka mwaka 1928 na iliyofuata kwa sehemu kubwa nyayo za Los Angeles. Na hivyo ile methali yetu isemayo “mwenye nguvu mpishe”, ambayo wazee waliitoa kama nasaha ya kujihifadhi na jeuri, ikapata kwa Wamarekani daraja ya sheria.

Waingereza, ambao kwao ndiko sheria zetu nyingi zilikotoka, walishika njia nyingine. Hadi leo katika Uingereza yenyewe si kosa kwa mtu kuvuka barabara ya kawaida popote apendapo. Leslie Hore-Belisha, aliyekuwa waziri wa usafiri mwaka 1934, aliponea chupuchupu kugongwa alipokuwa akivuka Camden High Street mjini London. Akaeneza vivuko vyenye makandili ya rangi ya chungwa juu ya nguzo za milia, na mwaka 1951 milia ikashuka chini ikawa kivuko cha pundamilia tukijuacho. Mambo hayo yalimwongezea dereva wajibu bila ya kumtia mwendaji hatiani.

Ama juu ya fidia, mahakimu wao walikuwa na kanuni kali. Katika kesi ya Butterfield na Forrester, mwaka 1809, mtu aliyekimbiza farasi akajikwaa kwenye boriti iliyoachwa njiani na mwingine hakupata hata senti moja, kwa kuwa naye hakuwa na hadhari. Kosa lako, hata likiwa dogo kiasi gani, lilikufunga mlango wote. Mlango huo ulifunguliwa kidogo na punda. Mwaka 1842, katika kesi ya Davies na Mann, bwana mmoja alimfunga punda wake miguu ya mbele akamwacha katika barabara kuu, na gari la farasi watatu likaja mbio likamkanyaga akafa. Mwenye punda alikuwa na makosa, hilo halikukanushwa. Hata hivyo alilipwa, kwa hoja kwamba mwenye gari angaliweza kuepuka kwa uangalifu wa kawaida, na kwamba kama tukisema vinginevyo, mtu ataweza kuhalalishiwa kumkanyaga hata aliyelala usingizi njiani. Mimi sijaona maneno ya insafu kuliko hayo katika mzozo huu wote, na yametoka kwa punda. Mwaka 1945 bunge lao liliiacha kanuni ya yote au hapana, likaruhusu taksiri igawanywe. Ndiyo maana katika hukumu za mahakama za Kenya utamkuta jaji akimtwika dereva sehemu kubwa ya lawama na mvukaji sehemu iliyobaki, kwa hesabu ya asilimia, na fidia ikapunguzwa kwa kadiri hiyo.

Fikihi, ambayo watu wa pwani na wa Omani waliihukumia kabla ya bendera za wageni, huuliza swali la namna nyingine. Kuua kwa kukosea hakuhitaji muuaji awe mwovu: diya hulipwa kwa warithi, ikichangiwa na ukoo wa aliyeua, na juu yake yeye mwenyewe ana kafara, ambayo kwa asiye na mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 5 Julai 1985 iliyoitwa kwa jina la waziri Badinter, imefika karibu na hapo bila ya kupita msikitini, kwa kuwa mwendaji aliyeumizwa na gari hulipwa madhara ya mwili wake hata kama alizembea, isipokuwa uzembe wake uwe usiosameheka na uwe ndio sababu pekee ya ajali. Na mtoto aliye chini ya miaka 16 au mzee aliyepita miaka 70 hulipwa hata hapo, ila awe aliyatafuta madhara hayo kwa kusudi.

Kwetu, desturi mbili zimebaki zikiishi katika nyumba moja bila ya kusalimiana. Dereva wa Dar es Salaam akishika breki kwa ghafula hutoa kichwa dirishani akamwita mvukaji mshamba, bila kujua kwamba anatamka Kimarekani cha mwaka 1912. Lakini akishamgonga, umma unaomzunguka haumuulizi marehemu alivukia wapi, na dereva, mwenye haki na asiye na haki, hukimbilia kituo cha polisi kuokoa roho yake. Kipigo cha umma ni dhuluma na sikitetei. Nasema tu kwamba chini ya ghadhabu ile iko hukumu ya zamani kuliko motokaa, ya hamali na simila yake, na kwamba honi imeirithi kazi ya simila bila ya kuurithi wajibu wake: hamali aliomba njia, honi huidai.

Hukumu yangu ni ile ya punda. Mvukaji mzembe ana fungu lake la taksiri na halifutiki, ila fungu kubwa ni la yule aliyekuwa na chuma mkononi na nafasi ya mwisho ya kuepusha. Wamarekani wenyewe wameanza kurudi nyuma: Virginia iliwazuia polisi kumsimamisha mtu kwa kuvuka ovyo tu mwaka 2021, California ikafuata kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2023, na mwaka 2024 Baraza la Jiji la New York likaliondoa kosa hilo katika kanuni za jiji. Katika jiji hilo, pale aliposhukia Henry Bliss, kiliwekwa kibao cha ukumbusho tarehe 13 Septemba 1999, miaka mia kamili baadaye. Kibao kinasema kwamba aligongwa na motokaa. Dereva hakutajwa.