Mwili Uliofumwa na Mandhari

Wapo wanaoliona umbo lisilokamilika kuwa udhaifu wa mkono. Michoro ya Theresa Musoke, msanii wa Uganda aliyesomea Chuo Kikuu cha Makerere, inawajibu: humo watu, wanyama na mimea huingiliana hadi mipaka yao ikafifia, ilhali kila mstari unaonyesha mkono uliofunzwa. Wengine husema mtindo huu wa kuchanganya kiumbe na mandhari ni wa kigeni. Lakini hata jina la mahali nchini Rwanda, Gikundamvura, kwa Kinyarwanda limeunganisha kupenda na mvua. Lugha imekwisha kuipa ardhi moyo kabla ya rangi kugusa turubai. Na katika umbo lisilokamilika, uso unapoachwa bila macho wala mdomo, mtazamaji hukosa wa kumtambua, akabaki kujitazama mwenyewe.