Askari na Mjadala wa Wagombea

Tangu televisheni ilipoanza nchini Burundi mwaka 1984, uwanja wa siasa umesogea hadi sebuleni mwa raia na katika mabwalo ya askari. Mgombea hutazamwa usoni: namna anavyojibu, anavyosita, na anavyomvumilia mpinzani wake. Mtazamaji ana haki ya kupendezwa au kuchukizwa. Lakini mtazamaji aliyekabidhiwa silaha hana budi kujiuliza: akisha kuchukizwa, afanye nini?

Historia inayo majibu.

Nchini Marekani, tarehe 4 Mei 1960, maseneta John Kennedy na Hubert Humphrey walijadiliana mbele ya televisheni katika jimbo la West Virginia. Wote wawili walikuwa wa chama cha Democratic, nao waligombea kura ya mchujo, yaani ile ya kumpata mgombea wa chama. Kennedy alikuwa Mkatoliki. Wakazi wengi wa jimbo hilo walikuwa Waprotestanti. Siku 6 baadaye wapiga kura walitoa hukumu yao, na Kennedy akashinda. Humphrey alijitoa katika kinyang'anyiro. Mwaka 1961, akiwa kiongozi msaidizi wa chama katika Seneti, alifanya kazi chini ya serikali ya yule yule aliyemshinda.

Nchini Kenya, tarehe 11 Februari 2013, wagombea 8 wa urais walisimama jukwaa moja jijini Nairobi. Taifa hilo lilikuwa bado linakumbuka ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo watu zaidi ya 1,000 waliuawa. Safari hii mzozo wa matokeo ulipelekwa Mahakama ya Juu, na ilipoamua tarehe 30 Machi, Raila Odinga aliukubali uamuzi huo.

Burundi nayo ina funzo lake, tena chungu. Tarehe 1 Juni 1993 wananchi walimchagua Melchior Ndadaye kwa takriban asilimia 65 ya kura. Rais Pierre Buyoya alikubali kushindwa, akakabidhi madaraka tarehe 10 Julai. Mjadala ulikuwa umekwisha. Hata hivyo, tarehe 21 Oktoba, Rais Ndadaye aliuawa na wanajeshi walioasi. Vita vilivyofuata viliteketeza roho za watu wapatao 300,000, na wakazi wengi wa mwambao wa Rumonge walikimbilia Kigoma, kusini zaidi kwenye mwambao huo huo wa ziwa.

Ndiyo maana Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalitaka majeshi na polisi wasifungamane na chama chochote.

Askari alindaye barabara pale Magara ana kura moja, sawasawa na mvuvi anayemlinda. Aisikilize hoja ya kila mgombea, aipime, kisha ajibu kwa kura hiyo. Silaha aliyokabidhiwa ni ya taifa zima, wakiwamo wale waliompenda mgombea asiyempenda yeye.