Tippu Tip: Jina Lake na Sifa Yake

Watu wakikaa barazani jioni, maneno yao huishia kwa wakubwa. Fulani anapenda kusifiwa mno. Fulani ana majivuno. Lakini jamani, ana adabu, na nguo zake safi! Maneno ya namna hii hayakuanza leo. Huko Nyangwe, kando ya mto Lualaba, yalisemwa zamani juu ya Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip.

Nyangwe ulikuwa mji wa soko kubwa. Waarabu na Waungwana walikaa hapo wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wa Dugumbe wakiwapiga bunduki watu wa sokoni, wengi wao wanawake. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Tippu Tip hakuwapo siku ile, basi tusimtwike kosa la mwingine. Lakini yeye pia alitajirika kwa bunduki, kwa pembe na kwa watumwa.

Mwaka 1876 Stanley alikutana naye, akamsifu sana: nguo nyeupe zisizo na doa, kofia mpya, jambia la fedha, na adabu ya muungwana. Wakapatana kwamba Tippu Tip amsindikize kushuka mto kwa malipo makubwa. Tena mwaka 1887, huko Unguja, wakapatana awe liwali wa Stanley Falls, chini ya Mfalme Leopold, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Baadaye safari ya Stanley ikaharibika, na watu wake wengi wakafa. Ndipo Stanley yule yule akamlaumu Tippu Tip kuwa mdanganyifu, hata akamshtaki. Je, tabia ya mtu huyu ilibadilika? Haja ya msemaji ndiyo iliyobadilika. Alipowataka wapagazi alisifu, na alipopata hasara alilaumu.

Sasa tulitazame jina lenyewe. Wengine walisema aliitwa Tippu Tip kwa kuwa alikuwa akipepesa macho. Lakini mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake alichokiandika kwa Kiswahili, alieleza kwamba ni watu waliokimbia vita vyake na Nsama, mwaka 1867, waliosema bunduki zake zinalia "tip tip". Hapo ndipo yanapoonekana majivuno yake. Kilio cha watu wenye hofu yeye alikivaa kama pambo. Mwenye bunduki alisikia sifa. Aliyekimbia na mtoto mgongoni alisikia kifo.

Wala walioushinda utawala wa Waarabu hawakukosa kupenda sifa. Askari wa Dhanis waliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Dhanis akapewa cheo cha baroni. Leopold akasifiwa kuwa mkombozi wa watumwa, na huku watu wake wakiwalazimisha wenyeji kwa viboko kuleta mpira. Tippu Tip alikuwa amekwisha rudi Unguja, akafa huko mwaka 1905.

Ndugu wasomaji, katika nchi ya Nyangwe, Kasongo na Kabambare wajukuu wa Waungwana na wajukuu wa waliotekwa wanaishi pamoja, wameoana, na lugha yao ni Kiswahili kile kilichokuja na misafara. Kwa hiyo maneno ya barazani si mchezo. Anayemsifu Tippu Tip kwa adabu yake tu humsahau bibi aliyefungwa kamba shingoni. Na anayemtukana jirani kwa sababu ya Tippu Tip humtwika mzigo asioubeba.

Kanzu nyeupe huonekana na kila mtu aliyealikwa sebuleni. Tukitaka kumjua mkubwa, wa leo au wa zamani, tuwaulize pia wale waliopitiwa na msafara wake, kijiji kwa kijiji.