Machela, Utani na Mofini: Wanaokufa Kando ya Njia ya Tabora

Mnamo Januari 1858, wiki chache baada ya kuondoka Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, Richard Burton alishikwa na homa iliyompooza miguu. Hakuachwa. Alikuwa na nguo na shanga za kulipia, basi watu wakakodiwa kumbeba kwa machela. Miezi michache kabla, akielekea bara, mtu huyohuyo alikutana na msafara ulioshambuliwa na ndui, na akaandika jinsi wapagazi walioshindwa kutembea walivyoachwa wafie kando ya njia.

Ninapofundisha historia ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, wanafunzi hupenda kusikia habari za pembe za ndovu na vita vya Mirambo. Mimi huwarudisha kwenye neno posho. Watumishi wa umma wanaonisoma wanalifahamu vyema, pengine kuliko inavyopasa. Njiani, posho ilikuwa riziki ya mpagazi, na ilikwenda na mzigo. Aliyeanguka alitoka katika hesabu ya msafara, na mzigo wake ukapata bega jingine.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kuwasimulia wapagazi kana kwamba hawakuwa na utu. Wanyamwezi walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye ujuzi wa njia na fahari ya kazi yao. Walikuwa pia na utani. Kati yao na Wazaramo, kwa mfano, mtani hakuwa mtu wa mizaha tu. Alikuwa na wajibu msibani, na Mnyamwezi aliyefia mbali na ndugu zake angeweza kupata wa kumzika. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa miongoni mwa mipango ya kale kabisa katika nchi yetu ya kumhudumia anayekufa ugenini. Lakini utani ulitoa mikono, uji na kaburi. Maumivu yenyewe haukuyaweza.

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi ikafifia. Tiba ya kikoloni iliyofuata ilijali zaidi afya ya askari na kibarua. Baada ya uhuru, hasa katika miaka ya 1970, zahanati zilienea vijijini, na sitaki kuibeza kazi hiyo: iliokoa mama na watoto wengi. Lakini mfumo uliojengwa ulizoea kumhesabu anayepona. Mwenye saratani iliyokwisha kuenea huambiwa na daktari, kwa sauti ya upole, kwamba arudishwe nyumbani. Katika mkoa wa Tabora, nyumbani kunaweza kuwa kijiji cha ndani kabisa Sikonge au Kaliua, saa nyingi kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Huko ndugu wanajua kuosha, kugeuza na kulisha. Usiku mgonjwa akipiga kelele, hawana kitu.

Kitu hicho kipo, na si cha anasa. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limefundisha kwamba maumivu mengi ya saratani yanatulizwa kwa mofini ya kunywa, ambayo inaweza kutengenezwa kwa unga na maji kwa gharama ndogo. Shirika hilohilo linakadiria kwamba kati ya watu wanaohitaji tiba shufaa duniani, ni kama asilimia 14 tu wanaoipata.

Jirani zetu wa Uganda walitambua mapema kwamba dawa bila mwenye ruhusa ya kuiandika ni bure. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Kwetu, waanzilishi walikuwa Selian kule Arusha, Muheza mkoani Tanga, na Ocean Road, Dar es Salaam: kaskazini na pwani. Selian na Muheza zina mizizi ya kanisa, na nazishukuru, lakini fadhila inayotegemea mfadhili huisha pamoja na mradi.

Najua pingamizi litakalotoka ofisini: mofini ni dawa ya kulevya. Ni kweli. Pethidini nayo ni ya jamii hiyohiyo, na wodi zimeizoea muda mrefu kwa kabati la kufuli na daftari la kusainiwa. Kinachotakiwa ni kufuli na daftari hilo vifike kituo cha afya, na muuguzi aliyefunzwa apewe kalamu. Madaktari waliopo hawatoshi kufika kila kijiji, na saratani haiwasubiri.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha mafao watajadiliana kwa kirefu kuhusu vipimo na upasuaji, na ndivyo inavyotakiwa. Ningependa wanaharakati waulize, kabla kikao hakijafungwa, ni mstari upi unaomlipia muuguzi anayepanda pikipiki kwenda Usinge akiwa na chupa ya mofini mfukoni, na posho yake inatoka fungu gani.