Kipengee cha njia mbili: kutengeneza, kutengenezesha na kununua katika lugha ya bohari

kipengee cha njia mbili nm vi- [ki-/vi-] Kijenzi, kipuri au bidhaa ambayo karakana au kiwanda kilekile huweza ama kuitengeneza ama kuinunua kwa msambazaji, nayo hubaki na msimbo mmoja katika kumbukumbu za bohari.

Istilahi hii inapendekezwa kwa wafasiri wa programu za usimamizi wa rasilimali za kampuni, maarufu kama mifumo ya ERP, na kwa walimu wanaofundisha Kiswahili cha biashara na ufundi. Dhana yenyewe si ngeni. Fundi yeyote wa samani wa Keko, wilayani Temeke, anaijua hata kama hajawahi kuipa jina. Ugumu huanza pale dhana hiyo inapotakiwa kuandikwa katika kisanduku kimoja cha skrini, kwa maneno mawili au matatu, na kusomwa vilevile na mtunza bohari, mhasibu na fundi.

Mfano wa msingi

Tuchukue karakana ya kubuni inayotengeneza vitanda. Kitanda kina vijenzi vyenye majina ya siku nyingi katika Kiswahili: matendegu, yaani miguu, mifumbati, yaani mbao za ubavuni, vitakizo vya kichwani na miguuni, na chaga zinazobeba godoro. Mifumbati hukatwa karakanani daima. Skrubu hununuliwa daima. Tendegu lina njia mbili: likerezwe hapohapo kwenye kerezo, au linunuliwe likiwa limekwisha kukerezwa.

Karakana imepata oda ya vitanda 40, hivyo inahitaji matendegu 160. Stoo ina 60: 20 yaliyokerezwa hapohapo na 40 ya kununua. Upungufu ni 100. Lakini aliyeandaa kumbukumbu alifungua misimbo miwili, «tendegu la kukereza» na «tendegu la kununua», na orodha ya vijenzi vya kitanda inautaja wa kwanza tu. Mfumo utaona matendegu 20 na kuagiza mengine 140. Yale 40 yatabaki rafuni huku fedha na mbao vikitumika kupata mengine yasiyohitajika. Ndiyo maana kipengee cha njia mbili hupewa msimbo mmoja, na njia ya kukipata huandikwa mahali pengine.

Vitenzi na mitego yake

*-tengeneza*. Kitenzi hiki kina maana ya kufanya kitu kipya na pia maana ya kurekebisha kilichoharibika. «Pampu iliyotengenezwa» yaweza kuwa pampu mpya au pampu iliyofufuliwa. Katika samani utata huo ni mdogo. Katika bohari ya vipuri ni mkubwa, kwa sababu kipuri kipya na kilichokarabatiwa hutofautiana bei na dhamana. Pale ambapo vyote viwili vipo, tumia *-unda* au *-zalisha* kwa kitu kipya na *-karabati* kwa cha zamani.

*-kereza, -chonga, -shona, -chomelea*. Vitenzi mahususi vya ufundi havina utata huo, na vinafaa katika hati ya kazi ya fundi. Havifai katika kisanduku cha jumla, ambacho lazima kitumike kwa vitu vya kila aina.

*-tengenezesha*. Hapa mnyambuliko wa usababishi unatupa neno ambalo lugha nyingi hulieleza kwa kirai kirefu. Anayesema «nimeshonesha gauni» ameeleza kwamba kazi imefanywa na mwingine kwa agizo lake, na mara nyingi kwa kitambaa chake. Vivyo hivyo, karakana inayompa mkerezaji wa nje mbao zake na kumlipa ujira *imekerezesha*. Haikununua tendegu wala haikulikereza. Hii ni njia ya tatu, na hesabu zake ni tofauti: mbao zilizo kwa mkerezaji bado ni mali ya karakana.

*-agiza*. Huweza kumaanisha kutoa amri, kuomba bidhaa kwa muuzaji, au kuleta bidhaa kutoka nje ya nchi. Katika skrini, andika *oda ya ununuzi* kwa hati inayokwenda kwa muuzaji, ile ambayo maofisini huitwa LPO, na *oda ya uzalishaji* kwa hati inayokwenda karakanani. Neno *oda* peke yake halitoshi pale ambapo kipengee kina njia mbili.

*sehemu*. Neno hili lina maana ya kipande na pia ya mahali. «Sehemu ya kutengeneza» husomeka kwa urahisi kuwa ni mahali pa matengenezo. Afadhali *kijenzi* kwa kile kinachoingia katika bidhaa, *kipuri* kwa kile kinachobadilishwa baadaye (mtaani, *spea*), na *kipengee* kwa jina la jumla la kila kilicho na msimbo.

«Na» au «au»?

Kosa linaloleta hasara zaidi ni la kiunganishi. «Kipengee kinachotengenezwa na kununuliwa» humfanya msomaji aelewe kwamba kitu hichohicho hupitia hatua zote mbili, kama ubao unaonunuliwa kisha ukapigwa randa. Aidha, *na* baada ya kitendwa hutangulia pia mtenda: «kilichonunuliwa na karakana». Kinachokusudiwa ni hiari baina ya njia mbili, hivyo andika *cha kutengeneza au kununua*.

Sera na historia

Kiswahili hutenganisha wazi mambo mawili ambayo wafasiri huyachanganya. Kihusishi *-a* pamoja na kitenzi-jina hutaja aina: «mkate wa kununua» ni mkate wa namna hiyo, hata kama bado uko dukani. Kirejeshi cha wakati uliopita hutaja tukio: «mkate ulionunuliwa» umekwisha kulipiwa. Kwa hiyo:

- katika taarifa kuu ya kipengee, andika *cha kutengeneza*, *cha kutengenezesha*, *cha kununua*;
- katika taarifa ya fungu lililopokewa bohari, andika *kilichotengenezwa*, *kilichotengenezeshwa*, *kilichonunuliwa*.

Taarifa ya pili ndiyo inayomwezesha mtunza bohari kujua, matendegu yanapopasuka, iwapo aende kwa muuzaji au kwa fundi wake, ilhali msimbo ni mmoja. Mhasibu naye huihitaji, kwa kuwa gharama ya tendegu la kununua ni bei na usafiri, na ya lililokerezwa ni mbao, ujira na umeme.

Katika mifumo yenyewe

Katika SAP, aina ya upatikanaji huandikwa kwa herufi: E kwa cha kutengeneza, F kwa cha kununua, X kwa njia zote mbili. E na F zimetoka katika maneno ya Kijerumani Eigenfertigung na Fremdbeschaffung, hivyo mfasiri asizitafutie asili katika Kiingereza. Kipengee chenye X hupangiwa oda ya awali, ambayo mpangaji huigeuza kuwa ya uzalishaji au ombi la ununuzi. Kutengenezesha huhesabiwa kuwa aina maalumu ya upatikanaji kutoka nje. Katika Odoo, mtumiaji huchagua njia, na zaweza kuwekwa mbili kwa kipengee kimoja. Hapo mpangilio wa kanuni ndio unaoamua ipi itangulie. Kwa hiyo tafsiri ya *njia* inawiana na mfumo huo pia.

Matumizi yanayopendekezwa

- Jina la kisanduku: *Njia ya upatikanaji*
- Chaguo: *Kutengeneza*, *Kutengenezesha*, *Kununua*, *Kutengeneza au kununua*
- Orodha ya sehemu za bidhaa: *orodha ya vijenzi*
- Tendo la kununua: *ununuzi*, kama ilivyo katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Tanzania, *manunuzi* liachwe kwa vitu vilivyonunuliwa

Taz. pia: bohari, kijenzi, kipuri, malighafi, msimbo, usababishi.