Muuguzi Yuko Semina: Historia ya Masomo Yasiyokwisha

 

Leo siwaletei ugonjwa mpya. Nataka tuzungumze juu ya malalamiko mawili ambayo sisi wauguzi huyasikia kila mara. La kwanza ni ile karatasi inayobandikwa kwenye mlango wa zahanati: muuguzi yuko semina, rudini wiki ijayo. Mama ametembea kilomita saba, mtoto mgongoni ana joto, na mlango umefungwa. Anajiuliza, kwani hawa watu walisoma nini chuoni hata wasimalize? La pili ni kwamba tunabadilisha maneno. Mama aliyejifungua mwaka 1995 aliambiwa amnyonyeshe mtoto bila kumpa chochote kingine mpaka miezi minne, au afike sita. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani likasema ni miezi sita kamili. Mama huyo sasa ni nyanya, analea mjukuu, na akitusikia anaona tunabahatisha.

Mambo haya mawili yana asili moja. Nitaieleza kwa kutumia malaria, kwa sababu hapo ndipo masomo ya muuguzi yalipopimwa kwa maisha ya watoto.

Kwa miaka mingi dawa ya malaria ilikuwa klorokwini. Ilikuwa bei rahisi, ilipatikana hata kwenye duka la sukari na mafuta ya taa, na wenye umri wangu na zaidi wanakumbuka ilivyokuwa ikiwasha, mtu akajikuna usiku kucha. Muuguzi aliyehitimu zamani hizo alijua kipimo chake kwa kila umri bila kufungua kitabu. Lakini ilipofika mwaka 1978 na 1979, wataalamu waligundua hapa Afrika Mashariki vimelea vya malaria ambavyo havikuuawa na klorokwini. Usugu huo ukaenea polepole. Ubaya wake ni kwamba dawa haikuacha kufanya kazi kwa siku moja. Mtoto alimeza, joto likashuka siku mbili tatu, mama akashukuru. Kisha homa ikarudi, mtoto akapungukiwa damu, na kila safari ya kurudi kliniki alikuwa mweupe zaidi viganjani.

Serikali ya Kenya iliiondoa klorokwini rasmi kama dawa ya kwanza mwaka 1998, karibu miaka 20 baadaye. Mahali pake ikawekwa SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Hiyo nayo haikudumu. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba dawa ya kwanza sasa itakuwa AL, na mwaka 2006 ndipo AL ilipofika katika vituo vya serikali. Hesabuni wenyewe. Muuguzi aliyetoka chuoni mwaka 1985 alipaswa kuacha dawa aliyofundishwa, ajifunze ya pili, aiache, ajifunze ya tatu, na wakati wote huo foleni iko nje inamsubiri. Chuo hakikumfundisha vibaya. Ni dunia iliyogeuka.

Basi masomo hayo yalimfikiaje mtu aliye mbali, mahali ambapo gari hupita mara moja kwa siku?

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Michael Wood na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha shirika la madaktari wanaoruka kwa ndege, ambalo baadaye lilikuja kuitwa AMREF. Wengi huzikumbuka ndege tu. Lakini daktari bingwa akitua kwenye hospitali ya misheni, hakuja kwa mgonjwa peke yake. Wafanyakazi wa pale walisimama karibu naye, wakaona, wakauliza. Katika miaka ya 1980 shirika hilo lilikuwa na masomo ya posta kwa wahudumu wa afya: unatumiwa kitabu, unasoma usiku kwa taa ya koroboi, unajibu maswali, unarudisha bahasha, unangoja masahihisho. Yalienda polepole, lakini mlango wa zahanati haukufungwa.

Tatizo kubwa lilibaki. Wauguzi wengi wa Kenya walikuwa wa ngazi ya cheti, si diploma, na hao ndio mliowakuta vijijini. Kuwapandisha wote darasani kungemaanisha kuwaondoa kazini kwa miaka. Nani angebaki kuzalisha? Ndiyo sababu mwaka 2005 Baraza la Wauguzi la Kenya, AMREF na vyuo vya uuguzi walianzisha masomo ya diploma kwa njia ya kompyuta, wakilenga wauguzi 22,000. Muuguzi alifanya kazi zamu yake, kisha akaenda kwenye kituo chenye kompyuta kusoma. Wengi wao walikuwa akina mama wa miaka 40 na 50 ambao hawakuwa wamewahi kushika kompyuta. Mimi nawaheshimu sana hao. Kujifunza kitu ukiwa na wajukuu si jambo la mchezo.

Nisije nikasifu tu. Semina nyingine hazikuwa na faida kubwa. Anayepelekwa ni yule yule kila mara, kwa sababu semina ina posho, na akirudi anaweka makaratasi kwenye kabati bila kuwaambia wenzake alilolisikia. Mama aliyekuta mlango umefungwa kwa ajili ya semina ya namna hiyo ana haki ya kukasirika.

Na hata semina nzuri haitoshi. AL ilipoletwa, wahudumu wa afya walifundishwa nchi nzima, wakapewa vitabu vya mwongozo. Baada ya muda watafiti wakaenda vituoni kuangalia. Kwenye vituo vilivyokuwa na AL kabatini, ni takribani mtoto 1 tu kati ya 4 waliostahili ndiye aliyeandikiwa AL. Wengine walipewa dawa za zamani. Msidhani wauguzi walikuwa wakaidi. Waliogopa AL ingewaishia, basi wakawa wanaibania. Walijua ni ya bei kubwa. Dawa za zamani bado zilikuwepo rafuni, na mkono huenda ulikozoea. Tena AL ina masharti: mtoto apimwe uzito, ameze mara sita kwa siku tatu, dozi ya pili iwe baada ya saa nane. Hayo hayakai kichwani kwa kuyasikia mara moja hotelini.

Sasa sikilizeni kilichofanyika baadaye, maana kilifanyika hapa hapa kwetu na dunia ikaja kujifunza kwetu. Kati ya mwaka 2009 na 2010 watafiti walichagua vituo 107 vya vijijini. Katika nusu yake, wahudumu wa afya walitumiwa ujumbe mfupi kwenye simu zao za mkono, mara mbili kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa miezi sita. Ujumbe mmoja unakumbusha kupima uzito. Mwingine unasema dozi ya kwanza imezwe hapo hapo kituoni. Mwingine, mtoto akitapika ndani ya nusu saa, arudie. Na kila ujumbe ulimalizia kwa maneno ya kutia moyo. Ni hayo tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: ukilinganisha na vituo visivyopata ujumbe, katika kila watoto 100 wenye malaria, watoto 24 zaidi walitibiwa sawasawa. Miezi sita baada ya ujumbe kukoma, faida ilikuwa bado ipo. Simu ile ile anayotumia muuguzi kuuliza kama watoto wake wamekula.

Kuna jambo jingine ambalo nikiliacha nitakuwa nimewanyima. Mwaka 2000 Kenya ilianza kuwakinga watoto wasiambukizwe virusi vya ukimwi na mama zao. Wakati ule mama mwenye virusi alipewa kidonge kimoja cha nevirapini uchungu ukianza, na mwenye uwezo aliambiwa atumie maziwa ya kopo. Penye maji machafu, kopo likawa hatari yake yenyewe. Mapema mwaka 2006 nchi ya Botswana ilizika watoto wengi kwa kuhara, na hasa wale wasionyonya. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri mama mwenye virusi anyonyeshe huku dawa zikimlinda mtoto, na mwaka 2014 Kenya ikaanza kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za maisha. Fikirini muuguzi ambaye aliacha kusoma mwaka 2005. Kwa nia njema kabisa, angemwambia mama afanye jambo la kumdhuru mtoto.

Ndiyo maana siku hizi kusoma si hiari. Baraza la Wauguzi, lililowekwa na Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983, linataka muuguzi anayehuisha leseni yake aonyeshe kwamba ameendelea na masomo. Nanyi mna ruhusa ya kutuuliza. Ukipewa dawa ambayo mtoto wako wa kwanza hakupewa, uliza, "Sista, hii imebadilika lini, na kwa nini?" Anayejua hatakasirika. Na kama zahanati yenu hufungwa kila muuguzi akienda semina, lipelekeni kwa kamati ya zahanati ili mtu wa kushika zamu atafutwe mapema.

Somo jingine linawahusu wale wa maeneo yenye malaria nyingi, kama kando ya Ziwa Victoria. Septemba 2019, huko Homa Bay, Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria, na wauguzi walifundishwa kabla ya sindano ya kwanza. Chanjo hiyo ni dozi nne. Tatu za kwanza mama wengi huja nazo vizuri. Ya nne huwa ni wakati mtoto tayari anakimbia uani, na mama ameshaizoea dunia bila kliniki. Leo jioni toa kile kitabu cha mama na mtoto, uangalie kama hiyo ya nne imeandikwa tarehe. Kama hapana, njoo nacho.